Kodi ya mapato, kabla muhula haujaanza

Muhula ujao nasoma kodi ya mapato ya serikali kuu ya Marekani, na kila ninayemwambia hapa Houston ananipa pole kana kwamba nimefiwa. Wanadhani ni hesabu. Hesabu zenyewe ni za kujumlisha na kutoa tu. Kazi iko kwenye kusoma sheria, kifungu kinakutuma kwa kingine, hicho nacho kinakurudisha ulikotoka. Kitabu cha vifungu nimepata cha mtumba, mwenyewe wa zamani kakipaka rangi ya njano karibu kila mstari, sijui alikuwa anatofautishaje.

Nimeanzia kifungu cha 61: mapato ni yote yanayoingia, yatoke popote, isipokuwa sheria iseme vingine. Kisha nikasoma kesi ya Cesarini ya 1969. Mtu na mkewe walinunua piano kuukuu mnadani mwaka 1957 kwa dola 15. Mwaka 1964 wanaisafisha, wakakuta ndani dola 4,467 taslimu! Walilipa kodi, halafu wakadai warudishiwe. Mahakama ikakataa: cha kuokota nacho ni mapato, ya mwaka ule ule walipozikuta.

Zawadi ndizo zinanikuna kichwa. Kifungu cha 102 hakimtozi anayepokea, lakini kesi ya Duberstein ya 1960 inataka zitoke kwa ukarimu usiotazamia malipo. Je, mchango wa harusi wa kwetu, wenye daftari la nani katoa ngapi ili naye aje achangiwe? Profesa ajiandae, nitamuuliza wiki ya kwanza.