Nyumba ya Wazungu wa Karanga, Kongwa

Ndugu zangu mliokulia Kongwa, ile nyumba ya wazungu wa karanga tuliyokuwa tukiipita kila siku kwenda shule sasa ni kuta tupu. Bati zote zimeezuliwa, fremu za madirisha zimeliwa na mchwa, na sebuleni, penye ile sakafu nyekundu, mgunga umepasua saruji na kuota.

Hata hivyo, kilichonichoma zaidi ni jibu la kijana niliyemkuta akichunga mbuzi hapo. Aliniambia kwamba nyumba ilikuwa ya mkoloni aliyetajirika kwa karanga. Hakuna aliyetajirika! Mpango ule wa kulima karanga ulianza mwaka 1947, Uingereza ikihangaikia mafuta ya kula baada ya vita, nayo ikakusudia kufyeka zaidi ya ekari milioni tatu, nyingi zikiwa katika Kongwa, Urambo na Nachingwea. Mibuyu iliwashinda, matrekta yakafia porini, na udongo wetu, ambao mvua ikikatika hukauka ukawa mgumu kama tofali la kuchoma, ukazifungia karanga ardhini zising'oleke. Mgogo yeyote mwenye ng'ombe angewaeleza tabia ya mvua za Kongwa, lau wangemuuliza. Mwaka 1951 waliuacha mpango, zikiwa zimepotea pauni zipatazo milioni 36, na baadaye hata reli iliyotoka Msagali kuja Kongwa ikafungwa.

Nimeishi Uingereza miaka mingi. Wazee wa kule wanaoikumbuka Kongwa huzililia kodi zao zilizopotea. Sijamsikia hata mmoja akitaja malisho ya Wagogo yaliyofyekwa. Kule nilivumilia. Kukuta kwamba hata nyumbani habari hiyo imepotea, na mahali pake pamewekwa sifa za utajiri usiokuwepo, siwezi kuvumilia.

Tena hapa ndipo, kuanzia mwaka 1964, wapigania uhuru wa FRELIMO ya Msumbiji, ANC ya Afrika Kusini, SWAPO ya Namibia na MPLA ya Angola walipoweka kambi zao, na Samora Machel, aliyekuja kuwa rais wa kwanza wa Msumbiji, akafunza wapiganaji.

Mnaokuja likizo, msiishie Dodoma mjini kupiga picha za majengo mapya ya serikali. Fikeni Kongwa wazee wangali hai, muwaulize ni mifugo ya nani iliyohamishwa na nani alilipwa ujira gani kung'oa visiki, kisha muyaandike majina yao. Wenye vijana wa shule, waleteni wasikie.