Usiku mmoja na Baba kwenye kasri la Jodhpur

Asubuhi sikumkuta Baba kitandani. Nilimkuta barazani, kavaa kikoi na fulana, amechuchumaa ukutani, ukucha wa kidole gumba ukipita taratibu kwenye maungio ya mawe.

"Njoo utazame," akaniambia. "Hamna chokaa hapa."

Kweli hamna. Kasri hili la Umaid Bhawan, mjini Jodhpur, India, ambalo sehemu yake sasa ni hoteli, limejengwa kwa mawe ya mchanga yaliyochongwa yakaingiliana, jiwe dume na jiwe jike, bila saruji katikati. Baba amekuwa fundi wa chokaa Mji Mkongwe, Zanzibar, kwa zaidi ya miaka arobaini. Kuta anazozijua ni za mawe ya matumbawe, zenye boriti za mikoko, zinazokunywa maji kila masika na kudai kupakwa upya. Ukuta usiomhitaji fundi tena hajawahi kuuona. Alirudia kuupapasa mara tatu, nne.

Tulikuwa Ahmedabad kwa ajili ya jicho lake. Lilipopona, dada yangu aliyeko Muscat akasema mzee asirudi nyumbani kabla hajalala mahali pazuri japo usiku mmoja, akalipa yeye. Bei yake inazidi mshahara wangu wa mwezi. Baba sijamwambia na sitamwambia.

Jana tulipofika tulipokelewa kwa "khamma ghani", salamu ya watu wa Marwar, eneo la Jodhpur, na maua yakarushwa kutoka juu ya ngazi. Baba akaweka mkono kifuani, akaitikia kwa salamu yetu. Nilikuja nimejiandaa kupachukia hapa. Sijui mtu anawezaje kulala kwa raha katika nyumba yenye vyumba 347 iliyojengwa kwa ajili ya familia moja, tena wakati wa njaa.

Maana ndivyo ilivyokuwa. Mvua zilikosekana, wakulima wa Jodhpur wakawa hawana cha kuvuna, na Maharaja Umaid Singh akaanzisha ujenzi huu ili wapate kibarua. Jiwe la msingi liliwekwa Novemba 1929. Kazi ilikwisha 1943. Watu kati ya 2,000 na 3,000 walichonga na kubeba mawe. Nilimwambia Baba kwamba mfalme angeweza kuwachimbia visima kwa fedha hizo. Alinyamaza kidogo, akasema, "Angeweza. Lakini aliyelipwa kwa kazi ya mikono yake anarudi kwake na heshima yake, mwanangu." Tumelala bila kukubaliana, na mpaka sasa naona sote wawili tuna haki.

Umaid Singh mwenyewe alifariki 1947. Miaka minne tu baada ya kazi kwisha! Mwaka huohuo India ikapata uhuru, na 1971 serikali ikafuta posho za waliokuwa watawala. Nyumba ya ukubwa huu bila posho ni mzigo. Mjukuu wake, Gaj Singh, akageuza sehemu yake kuwa hoteli. Leo familia ingali inaishi upande mmoja, upande mwingine ni makumbusho, na uliobaki ndio huu tuliolala.

Kitu kilichonishika sana kimo ndani. Samani zilizoagizwa Uingereza zilizama baharini wakati wa vita, meli ikiwa imepigwa na Wajerumani. Kazi ya kupamba vyumba ikaangukia kwa Stefan Norblin, mchoraji Mpolandi aliyekimbia nchi yake ilipovamiwa 1939. Nimesimama muda mrefu mbele ya michoro yake ya Ramayana, utenzi wa kale wa Kihindi. Mkimbizi asiye na pa kurudi, anachora kisa cha mwana wa mfalme aliyefukuzwa akaenda kuishi msituni. Sijui aliwaza nini, lakini nilihisi uzito wake kifuani.

Baba yeye alikuwa anawaza nyumbani. Beit al-Ajaib, aliyoijenga Sultani Barghash mwaka 1883, ilipoporomoka upande mmoja Desemba 2020 na kuua watu wawili, alikaa siku mbili hali chakula. Jana usiku, taa zikiwa zimezimwa, akaniuliza gizani: "Hawa wageni wanaolipa, ndio wanaoliweka paa juu?" Nikamwambia ndio, kwa kiasi kikubwa. Akavuta pumzi.

Nami hapo ndipo ninapokwama. Nataka paa libaki juu. Lakini mtoto wa Jodhpur anaishia kwenye makumbusho kwa tiketi, mlango wa pili haumhusu, na huenda babu yake ni mmoja wa waliochonga ngazi ninazopanda. Beit al-Sahel kwetu niliingia na wenzangu wa darasa la tano, tukakanyaga kila chumba walimoishi masultani. Sitaki mwanangu aje aoneshwe kwa mbali.

Teksi ilipofika Baba akaomba tusubiri. Alitaka kuuona ukuta wa nyuma, ule usiotazamwa na wageni, ajue kama nako walijitahidi au walilipua kazi. Tukazunguka, mimi nimebeba mkoba wake wa dawa. Akainama, akapitisha ukucha kwenye maungio kutoka chini mpaka mkono ulipofika mwisho wake.

"Vilevile," akasema.