Samaki wa Yona mbele ya wavuvi

Kwaresima ya 2018 serikali ilikuwa ikichoma nyavu haramu Ziwa Victoria, na sisi wa Ukerewe hatukuwa na mazungumzo mengine. Hata kwenye jumuiya watu walifika wakiwa na habari za ziwa mdomoni. Siku hiyo tulikuwa na mgeni, frateri, yaani mwanafunzi wa upadre, aliyekuwa kwenye mwaka wa kichungaji parokiani, na somo lilikuwa la juma lile: Yona anawahubiria watu wa Ninawi.

Hakumaliza hata utangulizi. Mzee mmoja, mvuvi tangu enzi za makasia, alinyoosha mkono.

"Tumsifu Yesu Kristo, Frateri. Mimi nimewahi kupasua sangara mkubwa nikakuta sato mzima tumboni. Kamezwa siku ileile, lakini ukimgusa mgongoni ngozi inabanduka. Sasa huyu Yona, siku tatu tumboni mwa samaki akatoka mzima?"

Wavuvi huwezi kuwaambia "ni muujiza" ukapita. Frateri wala hakujaribu. Alisema Kanisa halimlazimishi mtu kuamini kwamba samaki yule aliogelea kweli, wala halimkatazi. Papa Pius XII mwaka 1943 aliwahimiza wataalamu wachunguze mwandishi wa kale alitumia mtindo gani, na Mtaguso wa Pili wa Vatikano ukalikazia hilo mwaka 1965 katika hati ya Dei Verbum: historia, unabii na ushairi havisomwi kwa jicho moja.

"Mkimwondoa samaki leo," mzee akasema, "kesho si mtaondoa Ufufuko?"

Hapana, akajibiwa. Paulo anawataja mashahidi: Kefa, yaani Petro, Yakobo, na ndugu zaidi ya 500 ambao wengi wao walikuwa hai bado alipoandika. Kitabu cha Yona hakitaji hata jina la mfalme wa Ninawi. Kinasema mji ulikuwa mwendo wa siku tatu, ilhali magofu yake yapo mpaka leo pale Mosul, Iraki, na ukuta wote una mzunguko wa kilomita 12 hivi.

Kisha akamwomba mama mmoja asome sura ya tatu polepole. Alipofika kwenye amri ya mfalme kwamba wanyama nao wafunge, tena wavikwe magunia, mama akashikwa na kicheko, Biblia ikamtoka mkononi. "Mbuzi kavaa gunia!" Tulicheka wote, na mzee naye. Mimi mpaka leo naamini mwandishi alitaka tucheke hapo, ili atukamate vizuri sura ya nne.

Maana huko Yona ananuna kwa sababu Mungu amesamehe. Na Ninawi haukuwa mji wa hivihivi: ulikuwa mji wa Waashuri, na Waashuri ndio walioiteka Samaria, mji mkuu wa Israeli, taifa la Yona mwenyewe.

"Ninawi yetu sisi ni nani?" frateri akauliza.

"Watu wa makokoro!" likaja jibu, kabla hajafunga mdomo: wenye zile nyavu haramu za kukokota. Hapo samaki alisahaulika. Wanaomaliza mazalia, wanaowaachia wenzao maji matupu, wasamehewe? Mzee alisimama kabisa. "Hao siku zao arobaini zinakuja!"

Frateri alitabasamu. "Mzee wangu, hayo ndiyo mahubiri ya Yona. Sura ya tatu, aya ya nne."

"Basi alisema kweli," mzee akajibu, akakaa, na kikapu cha sadaka kikaanza kuzunguka.