Bomba Fupi

Jumatano, usiku.

Leo nimefanyiwa proktoskopi, yaani kuchunguliwa njia ya haja kubwa kwa bomba fupi, katika kliniki moja kando ya Barabara ya Ngong. Nayaandika mapema kabla aibu haijanirudia. Wanaume ninaopiga nao soga huzungumza wazi kuhusu presha, sukari, hata tezi dume. Lakini itaje njia ya haja kubwa uone watu wanavyohamia mambo ya mpira.

Kilichonipeleka ni damu mbichi kwenye karatasi ya choo, bila maumivu. Shemeji alikwisha kutoa hukumu: "Hiyo ni bawasiri, shemeji. Kuna mama pale soko la Gikomba ana dawa yake." Kweli, mara nyingi huwa ni bawasiri. Ila mchaniko wa njia ya haja kubwa nao hutoa damu, na vinyama vya utumboni, na saratani pia, na kwa kuitazama damu chooni huwezi kujua imesababishwa na lipi. Lazima mtu achungulie.

Sikuambiwa nifunge kula. Niliagizwa tu niende choo kwanza. Wengine hutiwa dawa kidogo ya maji kwa nyuma ili puru, yaani mwisho wa utumbo mpana, isafike. Daktari aliuliza kama natumia dawa za kuzuia damu kuganda, na kama glavu za mpira hunidhuru ngozi. Maswali hayo yajibu sawasawa, kwa sababu akiona kitu anaweza kukata kipande kidogo cha kupima.

Unalala ubavu wa kushoto, magoti umeyakunja kuelekea kifuani, shuka juu yako. Kinaanza kidole chenye glavu na jeli. Kisha bomba: la plastiki, la kutumiwa mara moja, urefu wake kama kidole changu cha kati. Likishaingia, kijiti cha ndani huchomolewa, taa inamulika, na daktari anatazama huku akilirudisha nje taratibu.

Sasa hapo ndipo penye maneno. Huumwi sana, unabanwa na choo, na akili inakuapia kwamba utaaibika papo hapo. Huaibiki, puru ni tupu. "Pumua kwa mdomo, mzee," sista akaniambia, na kweli nilipopumua misuli ililegea. Uchungu mkali usiumezee, sema wazi. Mwenye mchaniko huumia kweli, na daktari anaweza kusimamisha, au kutumia ganzi. Ukitaka msaidizi wa jinsia yako awepo chumbani, omba kabla hujavua suruali, maana baadaye ulimi huwa mzito.

Dakika chache tu, nikavaa, nikapanda matatu. Matone ya damu baadaye si ajabu, hasa ukikatwa kipande. Ikitoka nyingi, au ukipata homa au tumbo likauma sana, rudi hospitali mara moja.

Nina bawasiri za ndani. Shemeji amefurahi kuliko inavyofaa. Lakini daktari hakuishia hapo: bomba hilo huona mwisho wa puru tu, ilhali utumbo mpana una takriban mita 1.5, na kwa umri wangu hataki bawasiri zibebe lawama yote. Ameniandikia kolonoskopi, yaani kuchunguliwa utumbo mpana kwa bomba refu lenye kamera. Hiyo sasa ndiyo yenye kufunga kula, dawa ya kuharisha na sindano ya usingizi, na hawatakuruhusu uondoke peke yako. Shemeji atanisindikiza, nimemwambia auache mzizi wa Gikomba nyumbani.