Nilipokonda, Leicester walinipongeza

Baba alifariki mwezi wa pili, akazikwa Tanga siku ileile. Mimi nilikuwa Leicester, Uingereza, natafuta tiketi. Kufika mwezi wa sita nilikuwa nimepungua kilo 17. Chakula hakipiti kooni. Nikitoka zamu ya usiku nachemsha chai, nakaa nayo mpaka inapoa na kufanya utando juu, namwaga.

Kazini, kwenye nyumba ya wazee, wenzangu walinipongeza. "Umependeza! Unakula nini siku hizi?" Mmoja akaomba nimwandikie mpangilio wa chakula. Nikashukuru, nikaingia chooni kulia.

Mama alisema, "Hebu sogeza simu mbali nikuone wote." Akanyamaza. "Mwanangu, una nini?" Mama ni wa kizazi kilichozika vijana wengi miaka ya 1990, na hadi leo akiona mtu kakonda ghafla moyo unamlipuka. Tangu siku hiyo ananipigia kila jioni kuuliza nimekula nini.

Si kwamba nyumbani walinienzi siku zote. Kondakta wa daladala aliwahi kuniambia nilipe siti mbili, gari zima likacheka. Nilikuwa na miaka 19. Lakini nyumbani hakuna aliyewahi kufurahia huzuni yangu akidhani ni afya.

Sasa kilo zimerudi, na mbili juu. Juzi nesi alinipima: kilo 96, kwa urefu wangu wa mita 1.61 BMI, kipimo cha unene, ikatoka 37. Kanuni hiyo ya kugawa uzito kwa mraba wa urefu asili yake ni Mbelgiji Adolphe Quetelet, miaka ya 1830, mwanahisabati, wala si daktari. Nesi hakuuliza mwaka huu nimepitia nini. Niliumia. Ila siwezi kumpuuza, maana baba aliuawa na sukari. Ilianza na kidonda cha kidole cha mguu.

Basi mama akisema, "Alhamdulillah, mwili umerudi," nafurahi kabisa, na papo hapo naogopa. Naupenda mwili huu. Ndio uliobeba wazee wa watu usiku kucha, ndio uliobeba msiba. Na nauogopea.

Mama amenitumia dera la kijani kwa mkono wa jirani. Dera halina namba shingoni, linakuchukua ulivyo. Nikitoka kazini nalivaa, nakaa na chai yangu. Siku hizi nainywa yote, bila sukari.