Pumu Iliyoanza Ukubwani, Ughaibuni

Nilihamia ughaibuni nikiwa na umri wa miaka 31, sijawahi kuugua pumu hata siku moja, kwa hiyo majira ya kwanza ya baridi yaliponiamsha saa tisa usiku nikihema huku kifua kikipiga mluzi, niliamini kwamba ni ugeni wa hali ya hewa na kwamba mwili ungezoea. Mama ndiye aliyegundua, kwa simu, kwamba nilikuwa nikikatiza maneno ili nivute pumzi.

Daktari wa kwanza nilimwambia kwamba kifua kinanibana, nikifasiri msemo wetu neno kwa neno katika lugha ya wenyeji. Yeye akaelewa maumivu ya kifua, akanipima moyo, akaukuta mzima na kuniruhusu niende. Nawasihi wenzangu mlio katika nchi za watu mweleze yale yanayowatokea hasa: kwamba mnaamka usiku, kwamba mnakohoa mkicheka au mkipanda ngazi, na kwamba hali hiyo huja na kuondoka. Maelezo ya namna hiyo ndiyo yaliyomfanya daktari wa pili anipulizishe kwenye mashine ya kupima mapafu, anipe dawa ya kupanua vijia vya hewa, kisha anipime tena baada ya dakika 15. Tofauti kati ya vipimo hivyo viwili ilithibitisha pumu.

Nilipewa inhela mbili, yaani vichupa vya dawa ya kuvuta kwa mdomo. Ya salbutamoli hulegeza misuli inayobana vijia vya hewa ndani ya dakika chache, lakini uvimbe ulio ndani ya vijia hivyo hauugusi. Ya steroidi hupunguza uvimbe polepole, kwa siku na wiki, bila mtu kuhisi chochote anapoivuta. Nikaipenda ile niliyoihisi na kuiacha nyingine, tena kwa hofu ya neno steroidi, ilhali dozi ya kuvuta ni ndogo sana ikilinganishwa na ya vidonge na huenda moja kwa moja kwenye mapafu. Inhela ya mipulizo 200 ilikuwa ikiniishia kabla ya miezi miwili, na sikujua kwamba hiyo peke yake ni dalili ya hatari. Tangu 2019 mwongozo wa GINA, mpango wa kimataifa wa kukabili pumu, unashauri kwamba mtu mzima mwenye pumu asitibiwe kwa dawa ya kutuliza ya muda mfupi, kama salbutamoli, pekee.

Aliyenibadilisha ni muuguzi aliyeniomba nimwonyeshe ninavyovuta. Nilibonyeza kabla sijaanza kuvuta, na ukungu wa dawa ukatokea pembeni mwa mdomo wangu mbele ya macho yake. Akanifundisha upya: kutikisa, kutoa pumzi yote, kubana midomo, kuanza kuvuta taratibu ndipo nibonyeze, kuendelea kuvuta, kisha kuzuia pumzi hadi sekunde 10. Baada ya steroidi nisukutue maji na kuyatema, ili fangasi wasiote mdomoni. Alinipa pia chombo cha plastiki cha kuunganisha na inhela, ambacho hushikilia dawa mpaka mtu aivute. Ningekuwa na uwezo ningempa kila mgonjwa kimoja.

Nilinunua kipima pumzi cha mkononi, kinachoonyesha kasi ya pumzi inayotoka kwa lita kwa dakika, na kuandika namba asubuhi na jioni. Mwanzoni nilipuliza 310. Baada ya wiki sita za steroidi bila kuruka siku, 460. Mara nyingi namba ilishuka siku moja au mbili kabla sijahisi lolote, na onyo hilo lilinipa nafasi ya kujihami. Matandiko nayafua kwa maji ya nyuzi 60 ili kuua utitiri wa vumbi, vidudu vidogo sana vinavyoweza kuchochea pumu.

Mafua bado yananisumbua, kwa hiyo nachanjwa dhidi ya homa ya mafua kila mwaka kabla ya baridi kuanza. Mlangoni mwa jokofu nimebandika karatasi niliyoandikiwa na daktari: namba ikishuka hapa niongeze dawa kiasi gani, ikishuka pale niite gari la wagonjwa bila kusubiri kupambazuke.