Wiki tatu Bizari hagusi chakula

Saa tano usiku hapa Minneapolis, mwanangu kalala zamani, nimekaa kwenye kiti pembeni ya tanki la kioo la Bizari, mjusi wetu wa kufuga, na yeye ndo kwanza anatoka pangoni kwake mana usiku ndo mchana wake. Nataka niandike sasa hivi nikiwa bado nakumbuka kila kitu, kwa sababu mwezi wa pili wote nilikuwa natafuta maelezo kwa Kiswahili kuhusu mjusi wa kufuga aliyegoma kula na sikupata kitu, ikabidi niunge unge huku na huku. Labda kuna mwenzangu mwanae kamletea mnyama kama huyu ndani na leo anahangaika kama nilivyohangaika mimi.

Kwa wasiomjua, Bizari ni leopadi geko, sisi nyumbani tunasema mjusi chui. Urefu kama shibiri, wa manjano mwenye madoa meusi, jina kalipata kwa rangi. Asili yao ni huko kwenye mawe na ukavu Afghanistan, Pakistan mpaka kaskazini magharibi ya India, ila huku Marekani wanazalishwa na wafugaji miaka mingi, wakitunzwa vizuri wanafika miaka 15 na zaidi. Sio sawa na mjusi kafiri wa kwetu. Huyu hapandi ukuta, vidole vyake ni vya kutembea chini tu, alafu ana kope, akilala anafumba macho kabisa kama mtoto, wakati mjusi kafiri hana kope, jicho lake analifuta kwa ulimi.

Nalisema hili la kope mana ndo lililomlainisha mama yangu. Mama yuko Tanga, na nyie mliokulia pwani mnajua tulivyolelewa, mjusi kafiri ukimwona ukutani unatafuta ndala, tuliambiwa ndiye aliyepuliza moto wa Nabii Ibrahim. Kwaiyo siku ya kwanza nilipomwonyesha Bizari kwa video alinyamaza kama nusu dakika alafu akasema mwanangu, huyo unamlisha wewe? Nikamsogeza simu karibu, Bizari akafumba jicho moja taratibu. Mama akasema he, huyu ana kope. Kuanzia siku hiyo kila akipiga anamuulizia.

Sasa ilivyoanza. Mwisho wa mwezi wa kwanza, kile kipindi baridi ya huku inashuka mpaka nyuzi 20 chini ya sifuri, Bizari aliacha kula. Kawaida yake ni kila baada ya siku mbili tatu, nyenje watano au mende wadogo wale wa kufugwa, mwanangu anawatia kwenye mfuko wa plastiki na poda ya kalsiamu anawatikisa mpaka wanakuwa weupe, anawaachia mmoja mmoja. Siku hiyo nyenje kapita mbele ya pua yake, kamwangalia, kageuza kichwa. Nikasema labda anataka kujivua gamba, mana kabla ya kujivua huwa anapauka na hali kitu. Siku nne zikapita, rangi iko vilevile na bado hali kitu.

Kosa langu la kwanza nilimwachia nyenje watatu usiku kucha nikijua akiona njaa atakula. Asubuhi nikamkuta nyenje mmoja kakaa juu ya mkia wake anamtafuna. Nyenje wakikosa chakula wanamng'ata mjusi, wanamtoboa ngozi, na mjusi asiye na nguvu hana la kuwafanya. Tafadhali asipokula ndani ya dakika kama 15 watoeni wote, geuzeni mawe, angalieni kila pembe.

Kosa la pili lilikuwa la joto, na hili naona ndo linawapata wengi. Mjusi hana joto la kwake mwilini, analichukua nje, na bila joto la kutosha chakula hakisagiki tumboni, kinakaa mpaka kinaoza, kwaiyo mwenyewe anaacha kula. Sisi tulikuwa na kipimajoto cha kubandika kwenye kioo, kinasema 27, nikawa na amani. Kumbe kile kinapima hewa ya kwenye kioo, na Bizari anaishi sakafuni. Nikanunua kile cha mkono chenye umbo la bastola, kama vile tulivyokuwa tunapimwa navyo usoni enzi za korona, nikaelekeza kwenye kigae cha ndani ya pango la joto. 24. Inatakiwa iwe kama 32. Nikainamisha tanki nikakuta mkeka wa joto, ule wa umeme unaobandikwa chini ya tanki, umebanduka nusu nzima, unaning'inia, na tanki lenyewe tumeliweka chini ya dirisha. Nilijisikia vibaya sana. Mnyama kakaa kwenye baridi wiki nzima na hawezi kulia, hawezi kuja kukugusa bega.

Tukahamisha tanki ukuta wa ndani, mkeka mpya, thamostati mpya ya kudhibiti joto lake, siku ya pili kigae kikasoma 32 upande wa joto na 25 upande wa pili, kama inavyotakiwa ili achague mwenyewe. Mwanangu akasema mama sasa atakula. Hakula.

Hapo ndo hofu ikaniingia kweli. Mjusi chui anaweka mafuta yake kwenye mkia kama ngamia na nundu, mkubwa mwenye mkia mnene anaweza kukaa wiki kadhaa bila chakula asidhurike, ila mkia wa Bizari ulikuwa unapungua, kile kipande cha karibu na mwili kinaanza kuonyesha kiuno. Nikasoma kuhusu kimelea kimoja, kriptosporidiamu, kinakaa kwenye utumbo, mkia unakonda mpaka unabaki kama kijiti na dawa ya uhakika hakuna. Usiku ule sikulala.

Lakini kuna kitu hakikuingia akilini. Nilikuwa nampima kila Ijumaa kwa mizani ya jikoni, ileile ya unga, namtia kwenye bakuli la plastiki nasubiri atulie. Wiki ya kwanza gramu 58. Wiki ya pili 58. Wiki ya tatu 58. Mkia unakonda, chakula haingii, uzito palepale. Nikamwambia mama, naye akanyamaza alafu akauliza, na tumbo je? Sikulitazama tumbo. Wiki tatu namtazama mkia tu.

Kumpata daktari wa mijusi ni kazi, wa kwanza niliyempigia alisema wao ni mbwa na paka tu, wa pili akanipa nafasi baada ya siku nne. Tukambeba kwenye kiboksi kidogo, nikamwekea pembeni chupa ya maji ya moto niliyoizungushia taulo mana toka mlangoni mpaka kwenye gari tu ile baridi inaweza kumdhuru. Tukabeba na kinyesi chake kwenye kikopo, kidogo alichotoa, nilikiweka kwenye friji.

Swali la kwanza la daktari: dume au jike? Mimi na mwanangu tukatazamana. Kwa Kiswahili hatukuwahi kulazimika kujua, Bizari ni yeye tu, kala, kalala, kajificha, miaka miwili hatujawahi kujiuliza. Daktari akamgeuza taratibu, akatuonyesha chini karibu na mkia, dume anakuwa na mstari wa vitundu vyenye umbo la V na uvimbe mbili nyuma yake. Bizari hana. Alafu akawasha tochi ndogo akaisogeza tumboni pembeni, na pale kwenye ngozi laini nyembamba tukaona kwa macho yetu, vitu viwili virefu vyeupe, kimoja kulia kimoja kushoto. Mayai. Mwanangu alishika mkono wangu hakusema kitu.

Ndo mana uzito haukushuka, mafuta ya mkia yalikuwa yanahamia kwenye mayai. Nikauliza atapataje mayai na hajawahi kuona dume, daktari akasema wanataga hata bila dume ila hayana mtoto, na hapo ndo nikaelewa, kumbe ni kama kuku wa mayai wa kisasa tu, hana jogoo na karibu kila siku anataga. Majike wengi wanakataa kula yai linapotengenezwa na wanapokaribia kutaga. Hatari ni yai likikwama, hapo anaweza kufa, na kinachomsaidia ni joto, kalsiamu, na mahali penye unyevu pa kufukia. Asipopata mahali pa kufukia anaweza kuyazuia. Sisi hatukuwa napo. Majibu ya kinyesi yakarudi hayana kimelea, akasema tutarudia akiendelea kukonda, na akatukataza kabisa kumlazimisha kwa kumfungua mdomo.

Nikachukua kopo la aiskrimu, tukatoboa tundu pembeni, ndani tukajaza makumbi ya nazi yaliyosagwa, huku wanauza yamekandamizwa kama tofali unalowanisha linavimba. Nilipomwambia mama Bizari anatandikiwa makumbi alifurahi mno, akasema lowanisha lakini yasitiririke, ukiyakamua mkononi litoke tone moja. Ni hivohivo daktari alivyosema.

Usiku wa pili tukasikia anachimba. Sauti ndogo, kama mtu anakuna gunia kwa kucha. Tulizima taa tukakaa sakafuni mimi na mwanangu, kupitia pembeni ya kopo tunaona miguu ya nyuma inatupa makumbi, anapumzika, anachimba tena. Nilimpeleka mtoto kulala saa sita. Asubuhi kopo limefukiwa vizuri, juu kumesawazishwa, na chini mayai mawili, laini kama ngozi, moja limeshaanza kubonyea. Bizari yuko kwenye pango la joto, tumbo limelegea mikunjo pembeni, gramu 51.

Jioni mwanangu akaweka mende mmoja. Bizari akatoa kichwa. Akasogea hatua moja, akasimama, na ncha ya mkia ikaanza kutetemeka, ile tetemeka ya kuwinda ambayo hatukuiona tangu mwezi wa kwanza. Akamdaka. Tulisikia akitafuna.

Daktari kasema anaweza kutaga tena ndani ya mwezi, wanakwenda hivo mara kadhaa kwa msimu, kwaiyo kopo la makumbi linabaki, kisahani cha kalsiamu kinabaki, na Ijumaa sasa tunapima alafu tunawasha tochi tunaangalia tumbo. Leo gramu 54.

Mama kaacha ujumbe wa sauti, Tanga kumekucha. Kesha kula? Nimemjibu kesha kula mama, mende wanne, na sasa kalala juu ya kigae cha joto kafumba macho yote mawili.